Mafunzo ya kazi na mikopo ya serikali: haki ya Pemba na shamba (vijijini) tuidai vipi? (wenzetu Marekani walifanyaje kwenye rangi)

Mkaazi_Konde

Asalaam alaykum jamani. Naomba mawazo yenu na naomba sana tusiingize vyama humu, mana kila tukianza kuongea khabari za Pemba uzi unafungwa hatujafika popote.

Iko hivi. Shehia yetu imetakiwa itoe maoni kwa maandishi juu ya mpango mpya wa mafunzo ya kazi kwa vijana pamoja na mikopo ya kuanzia biashara, na mie nimo katika waliochaguliwa kuandika. Nataka niandike kitu kitakachosomwa mpaka mwisho, si ile "Pemba tumesahauliwa" ambayo mkubwa akiiona mstari wa kwanza karatasi anaiweka pembeni.

Mpango uliopita, sitoutaja jina wala ofisi, ulikuja na kozi ya mafriji na viyoyozi. Tangazo likabandikwa kwenye ubao wa ofisi moja Chake na likatiwa Instagram, sie huku Konde tunalipata muda umebaki mdogo. Sharti la kwanza cheti cha form four na uwe umefaulu Kiingereza. Sasa hapa kwetu kuna kijana friza zote za wauza samaki na barafu yeye ndie anaezitengeneza, kajifunza kwa ami yake tokea yuko mdogo, anaweka sikio tu kwenye kompresa anakwambia hii gesi inavuja au hii rilei imekufa, na kweli ukifungua unakuta hivo hivo. Skuli alitoka form two. Akaambiwa hana sifa, fomu hata haikupokewa. Na katika waliochukuliwa wapo ambao mpaka leo hawajashika spana, walitaka cheti cha kuongeza kwenye sivii.

Hakuna aliemwambia "wewe Mpemba ondoka". Fomu ni moja kwa wote. Lakini mwisho wa siku ukitazama nani kapata unaona watu wale wale kutoka sehemu zile zile. Sensa ya 2022 imetuhesabu Zanzibar nzima watu 1,889,773, Pemba peke yake 543,441, yaani kiasi asilimia 29. Mie nauliza tu, katika kila nafasi mia za mafunzo ishirini na tisa zinafika huku? Na zikifika zinafika Micheweni au zinaishia Chake na Wete? Nimeuliza watu, kila mtu ananijibu kwa hisia, mwenye hesabu simuoni.

Nimekuwa nasoma jinsi Marekani walivyohangaika na usawa wa rangi katika mafunzo ya kazi na mikopo ya serikali, nikaona hili letu si la rangi lakini linakwenda njia moja. Wanaojua, waliwezaje na walikwama wapi? Na sie huku tuombe nini khasa?

---

Fundi_Mtoni

Waalaykum salaam kaka. Mie nitasema ninavyoona hata kama sitowafurahisha watu.

Mimi ni fundi umeme, nimepita kwenye mafunzo ya amali, najua umuhimu wa sifa. Mtu hajui kusoma maandishi ya onyo kwenye kifaa cha hai volteji ukamuingiza kozi kwa sababu tu katoka sehemu iliyo nyuma, kesho anaua mtu au anajiua mwenyewe. Hatari ya mambo ya "usawa" ndio hiyo, watu wanashusha kiwango alafu wanasema wametenda haki.

Pili, upendeleo ukishaanza wanaofaidi ni wakubwa wa kundi lile lile. Angalieni Malaysia, mwaka 1971 walianza sera yao ya kuwainua Wamalei, wakaweka lengo kufika 1990 asilimia 30 ya mali za makampuni iwe mikononi mwao. Umasikini ulipungua kweli na sipingi hilo, lakini lawama kubwa mpaka leo ni kwamba tenda na hisa zilikwenda kwa wenye majina na wanaojuana na wakubwa, Mmalei wa kijijini alipata makombo. Hapa tukisema nafasi 29 ni za Pemba, mie nakuhakikishia zitachukuliwa na watoto wa wakubwa wa Pemba ambao hata hawaishi Pemba, wanaishi hapa hapa mjini. Kijana wako wa friza atabaki pale pale.

Kwaiyo mie naona bora sifa zibaki sawa kwa wote, ila matangazo yafike kote na mapema.

---

Mpemba_Ughaibuni

Konde, suali zuri, nipo Marekani miaka mingi na kazi yangu inagusa haya mambo kwaiyo nivumilieni nitaandika kirefu.

Kaka wa Mtoni ana hoja mbili nzito ila ya kwanza wenzetu waliipeleka mpaka mahakama kuu na jawabu lake linamfaa sana yule kijana wa friza. Lakini kwanza muone tatizo linavyokaa. Baada ya vita vya pili serikali ya Marekani ilipitisha sheria mwaka 1944 ya kuwasaidia askari waliorudi, wasomeshwe, wapewe mafunzo ya ufundi, wadhaminiwe mikopo ya nyumba na biashara na mashamba. Ukiisoma ile sheria hakuna pahala imeandika mweusi asipewe, fomu moja kwa wote kama hii yetu. Ila utekelezaji ukaachiwa ofisi za majimbo na mabenki ya kule kule. Sasa chukua jimbo la Mississippi. Kufika Oktoba 1946 ofisi ya ajira ilikuwa imewatafutia kazi askari wa zamani kiasi 6,500. Katika kazi za ufundi asilimia 86 walipewa weupe, na zile kazi za kubeba na kufagia asilimia 92 walipewa weusi. Kwenye mikopo ndio usiseme, mwaka 1947 gazeti moja lilifuatilia miji 13 ya jimbo hilo hilo, mikopo 3,229 ilidhaminiwa, walioipata askari weusi ilikuwa miwili. Mikopo miwili tu, si asilimia mbili.

Na wale weusi walipigana vita ile ile, karatasi zao za jeshi zilikuwa sawa na za wenzao. Yaani sheria ilikuwa safi na matokeo yake machafu, na yasingejulikana kama watu hawakukaa wakahesabu.

Sasa khabari ya sifa. Huko North Carolina kulikuwa na kituo cha kuzalishia umeme, Dan River, cha kampuni ya Duke Power. Weusi waliwekwa idara moja tu, ya vibarua, na mwenye mshahara mkubwa kuliko wote katika idara ile alikuwa hamfikii hata mwenye mshahara mdogo wa idara nyengine. Sheria ya kukataza ubaguzi kazini ikaanza kutumika tarehe 2 Julai 1965, na siku ile ile kampuni ikaleta mitihani ya akili iliyonunuliwa dukani, ukitaka kuingia idara nzuri uwe na cheti cha sekondari na ufaulu ile mitihani. Haikutaja rangi. Ila weusi wa kule walikuwa wamesomeshwa skuli mbovu za kubaguliwa, kwaiyo kichujio kikawakamata wao. Na kilichoiumbua kampuni ni kwamba weupe walioajiriwa zamani bila cheti walikuwa wanaendelea na kazi zile zile na wanazifanya vizuri tu, wala hakuna alielipuka. Mwaka 1971 mahakama kuu ikasema kwa sauti moja, kesi inaitwa Griggs, kwamba sharti linalowatoa watu wa kundi fulani lazma lihusiane na kazi yenyewe, na wa kuthibitisha hilo ni muajiri.

Kwaiyo kaka wa Mtoni uko sawa kwamba fundi lazma asome onyo. Basi mpe asome onyo! Mpe kifaa, mpe friza mbovu, mtazame anavyofanya. Mtihani wa Kiingereza wa form four haukuonyeshi kama mtu anajua kuchaji gesi.

---

bint_kiuyu

Mie natokea Kiuyu wilaya ya Micheweni na nilipata nafasi ya kozi ya hoteli, nikaiacha. Naandika kwa sababu naona nyote mnaongelea kuingia, hamuongelei kukaa.

Mafunzo makubwa ya utalii yako Unguja, chuo kiko Maruhubi na mahoteli yako Nungwi, Kiwengwa, Paje huko. Sie Pemba hoteli za kitalii ni za kuhesabu. Nilipochaguliwa nyumbani tulifurahi, alafu tukaanza kuuliza, dakhalia ipo? Hakuna. Nauli ya boti nani? Mwenyewe. Posho? Italipwa mwisho wa mwezi. Sasa mtoto wa kike hana jamaa mjini, baba hana mshahara, analala wapi huo mwezi wa mwanzo? Babaangu hakukataa mie kusoma, jamani nisieleweke vibaya, watu wakisikia Micheweni wanajua basi wazee wanakataza. Babaangu alikwenda mwenyewe kumuuliza jamaa yetu wa mbali kama nitaweza kulala kwake, na kule walikuwa wanalala watu sita chumba kimoja. Akarudi akaniambia mwanangu siwezi kukupeleka pahala nisipopajua.

Nafasi yangu akapewa mwengine. Na kwenye daftari nadhani wameandika "alijitoa".

Jengine. Mamaangu ni mkulima wa mwani kama wanawake wengi kule kwetu. Yakaja mafunzo ya kusarifu mwani, sabuni, unga, vitu vizuri kabisa vya kuongeza thamani. Wakaweka siku za bamvua! Mwani unafanyiwa kazi wakati wa bamvua ndio maji yanatoka mbali, ndio unafunga na unavuna, ukiipoteza bamvua unasubiri nyengine na mwani unakatika unakwenda na maji. Basi ukumbini waliojaa ni watu ambao hawana hata kamba moja baharini, wenye mwani wako pwani mpaka kiunoni. Kama wangeuliza mtu yeyote tu, mtoto mdogo wa Kiuyu anajua bamvua lini na maji mafu lini.

---

Mzee_wa_Ngambo

Wanangu salaam. Nimestaafu, nimefanya kazi serikalini miaka mingi na nimekaa kwenye vikao vya kuchagua majina, vya mafunzo na vya ajira. Binti wa Kiuyu umeniumiza moyo na uliyoyasema ni kweli tupu.

Hapa kwetu rangi iliandikwa kwenye karatasi za serikali mchana kweupe. Sensa ya 1948 mtu alitiwa kwenye kundi lake, Mwarabu, Muhindi, Mshirazi, Muafrika. Baraza la Kutunga Sheria lilianza 1926, Muafrika wa kwanza kukaa mule aliteuliwa 1946, ndie Sheikh Ameir Tajo, miaka ishirini baadae. Ukarani, udaktari, uhakimu, kila kazi ilikuwa na watu wake. Baada ya 1964 mambo yale yakaondolewa, Septemba 23 mwaka ule ule elimu ikatangazwa bure, na mie ni katika watoto waliosoma kwa sababu ya tangazo lile, babaangu alikuwa mchukuzi bandarini asingeweza kulipa. Kwaiyo nathamini sana kwamba fomu zetu hazina safu ya rangi na sitaki irudi.

Ila safu kuondoka hakukufanya macho ya watu yaondoke. Jina la ukoo lipo pale. Pahala pa kuzaliwa papo. Nimekaa kikaoni faili linafunguliwa, msomaji anasema "huyu wa Wingwi huyu", na chumba kizima kinajua kinachokusudiwa bila mtu kusema neno baya hata moja. Na simu zilikuwa zinapigwa, "kijana wangu yumo humo mtazameni". Mwenye mtu wa kumpigia simu ni nani? Si mvuvi wa Kojani.

Na mengine hayana hata nia mbaya. Majina yanapangwa kwa jinsi fomu zilivyoingia, wa mjini anafika ofisini kwa daladala asubuhi ile ile, wa Makangale fomu yake inapitia kwa sheha, kutoka kwa sheha inapanda wilayani, ikifika nafasi zimeshajaa. Tukiwapigia watu simu kuja intavyuu, simu ikiwa haipatikani mara mbili tunakwenda jina la chini yake. Mtu yuko dago, kambi ya wavuvi, simu kaiacha nyumbani au hakuna mtandao, kakosa nafasi ya maisha yake na hatojua kama aliitwa.

Konde, uandike hivi. Mchujo wa mwanzo ufanywe kwa namba, jina na pahala pa kuzaliwa vizibwe, vifunguliwe baadae. Na kila mpango utoe hesabu kwa shehia: walioomba, walioitwa, walioanza, waliomaliza, waliopata kazi. Shehia inatajwa kwa ajili ya kuhesabu, si kwa ajili ya kuchagulia.

Na mtu akikwambia kumsaidia wa nyuma ni ubaguzi na Katiba inakataza, mwambie asome vizuri. Katiba ya Zanzibar ya 1984 ibara ya 12 inakataza ubaguzi, ndio. Lakini Katiba ya Muungano ibara ya 13(5) ikieleza kubagua ni nini imesema wazi kwamba maana hiyo isiizuie serikali kuchukua hatua za makusudi za kurekebisha matatizo katika jamii. Hatua za makusudi, limo mule.

---

Mpishi_Nungwi

Samahani wenyeji naomba niongee. Mimi mbara, natoka Tanga, nipo jikoni kwenye hoteli Nungwi. Huwa nasoma nyuzi kama hizi na mara nyingi zinaishia "wabara wamejaa mahotelini, waondoke". Naomba huu usifike huko.

Mimi nimepata kazi kwa sababu nilikuja nimeshasoma upishi na nimeshafanya mazoezi kwenye hoteli nyingine, meneja alitaka mtu wa kuanza kesho. Vijana wa kijiji hiki hiki ambao hoteli iko kwenye ardhi ya babu zao wanapewa bustani na ulinzi. Tena wana akili, mmoja nimemfundisha mwenyewe jikoni usiku usiku sasa anatengeneza sosi kunizidi mimi. Alikosa sehemu ya kujifunzia, uwezo alikuwa nao. Kama serikali ingezibana hoteli kila moja ichukue idadi fulani ya vijana wa jirani kama wanafunzi kazini na walipwe, mimi nisingepoteza kitu na wao wangepanda. Hilo tu.

---

Fundi_Mtoni

Mpishi nakuunga mkono, tena umeongea kistaarabu.

Mpemba wa Ughaibuni, hiyo kesi ya kituo cha umeme sikuwa naijua, na mtihani wa vitendo nimeukubali, mana hata sisi kazini tunajua nani fundi na nani ana cheti. Lakini suali langu la pili hujalijibu. Utazuiaje nafasi za walio nyuma zisichukuliwe na wakubwa wao? Na je hao Marekani si wameshafuta hayo mambo sasa hivi, mbona tunawaiga kitu walichokiacha wenyewe?

---

Mpemba_Ughaibuni

Suali la haki kabisa.

Ni kweli mengi yamefutwa. Ile amri ya rais Johnson ya 1965, namba 11246, iliyowataka wenye tenda za serikali kuu wachukue hatua za kuajiri bila ubaguzi ilidumu karibu miaka sitini, Januari 2025 ikafutwa. Amri ya Biden ya Januari 2021 iliyozitaka idara zote zijikague kama huduma zao zinawafikia walioachwa nyuma nayo ikafutwa mwezi huo huo wa Januari 2025. Kwaiyo tusijidanganye kwamba wamefika. Mie naishi nao hapa na najua wenzangu weusi wanavyojisikia kuona kitu walichokipigania wazee wao kinaondolewa kwa saini moja.

Lakini kuna kesi moja ya nyuma kidogo inakuhusu Konde moja kwa moja. Mji wa Richmond jimbo la Virginia, karibu nusu ya wakaazi walikuwa weusi, na katika miaka mitano tenda kuu za ujenzi za mji zilizokwenda kwa kampuni za weusi na watu wa makundi mengine yenye watu wachache hazikufika hata asilimia moja, ilikuwa 0.67. Mji ukaamua mwenye tenda lazma asilimia 30 ya kazi awape kampuni hizo. Mwaka 1989 mahakama kuu ikaufuta mpango. Sababu kubwa, mji haukuwa na ushahidi wa kina. Walilinganisha tenda na idadi ya watu wote, wakati walitakiwa waonyeshe kampuni ngapi zilikuwa na uwezo wa kazi ile na zikakataliwa. Alafu wakatia mpaka makundi kama Waeskimo, wenyeji wa nchi za barafu za kaskazini, ambao Richmond ni nadra hata kuwaona. Yaani ile asilimia 30 haikuwa na mizizi.

Ndio mana namuunga mkono mzee kwa miguu yote miwili khabari ya hesabu. Konde, ile asilimia 29 yako ni nzuri kuanzia mazungumzo lakini usiisimamie peke yake, watakwambia vijana wa Pemba hawakuomba. Unatakiwa uwe na hesabu ya walioomba na wakakosa, na walikosa hatua gani.

Sasa kuhusu wakubwa kuchukua nafasi. Jimbo la Washington walipiga kura 1998 kukataza upendeleo wa rangi katika kazi na tenda za umma. Mji wa Seattle ukafanyaje? Mwaka 2015 walipitisha utaratibu kwenye miradi mikubwa ya ujenzi ya mji, mkandarasi lazma sehemu ya saa za kazi ziende kwa watu wanaoishi mitaa yenye dhiki, na mitaa inatambuliwa kwa namba za posta, umasikini wake na ukosefu wake wa kazi. Rangi haitajwi. Ila kwa kuwa dhiki na rangi kule zinakaa nyumba moja, weusi na wahamiaji wakafaidika. Na wanahesabu saa za kazi, hawahesabu majina, kwaiyo mkandarasi hawezi kumuandika mtu orodhani alafu akamrudisha nyumbani baada ya wiki.

Kwetu namba ya posta ni shehia. Usiseme "nafasi za Wapemba". Sema nafasi za watu wanaoishi katika shehia zenye dhiki kubwa, Pemba na Unguja pia, mana Unguja nako kuna kusini na kaskazini huko watu wana hali ngumu. Na aishi kweli, si kuzaliwa, si babu yake kazikwa pale. Hapo mtoto wa mkubwa anaeishi mjini umeshamtoa, na sheha na majirani wanajua nani analala pale.

---

Mzee_wa_Ngambo

Mwanangu wa ughaibuni, hapo kwa sheha patiwe jicho. Barua ya sheha inaweza kuwa daraja na inaweza kuwa geti. Nimeona pahala kijana ananyimwa barua kwa ugomvi wa baba yake wa siasa. Ukaazi uthibitishwe kwa njia zaidi ya moja, kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi kipo, na akinyimwa barua awe na pahala pa kukata rufaa panapojulikana, mwisho wa maombi usipite kabla hajajibiwa.

---

Mkaazi_Konde

Wallahi nimefaidika kuliko nilivyotegemea, Mungu awalipe. Nakushika miguu mzee.

Nimeshaanza kuandika na nimeyatia haya: tangazo lisomwe misikitini na madrasani na lifike kila shehia si chini ya mwezi mzima kabla ya kufungwa, sifa iwe mtihani wa vitendo kwa kozi za mikono, mchujo kwa namba, nafasi kwa shehia zenye dhiki, nauli na malazi vitolewe mwanzo si mwisho wa mwezi, na hesabu kwa shehia kila baada ya kozi. Nimependekeza pia kozi zenyewe zitumie vituo vilivyopo huku, mana Vitongoji kuna kituo cha amali na Daya Mtambwe kipo, kwanini fundi friza wa Konde apande boti?

Kwenye mikopo nimeandika kidogo tu. Kina mama wa kwetu wengi mkopo ukiwa na riba hawausogelei kabisa, si kwa ujinga, ni dini yao. Kwaiyo mkopo wa riba ukiuleta alafu ukaandika ripoti kwamba "mwitikio Micheweni ulikuwa mdogo" umewaonea. Nimeomba iwe isiyo na riba na dhamana iwe kikundi, isiwe hati ya nyumba, huku nyumba nyingi hazina hati. Na marejesho yafuate msimu, mtu wa karafuu ana pesa wakati wa mavuno, ukimdai kila mwezi unamlazimisha auze karafuu mbichi kwa bei ya kutupa.

Kuna kilichobaki?

---

Fundi_Mtoni

Hiyo ya mtihani wa vitendo andika na nani atasimamia, kaka. Wasimamie mafundi wanaofanya kazi, na mtahini asitoke wilaya anayotahini, la sivyo tunarudi kwenye simu. Na kwenye mambo ya umeme weka somo la kusoma maonyo na vipimo ndani ya kozi yenyewe, wiki za mwanzo, kwa Kiswahili. Niko tayari kukuandikia hiyo sehemu ukitaka, nitumie inboksi.

---

bint_kiuyu

Kaka Konde mie naona kimebaki kimoja. Umeandika nauli na malazi, andika malazi ya wanawake mbali na yawe na msimamizi mwanamke anaejulikana jina, na wazazi waruhusiwe kwenda kupaona kabla kozi haijaanza. Kwa babaangu hicho tu ndio kilikosekana.

Na ratiba za mafunzo ya pwani zipangwe siku za maji mafu. Kama hawana kalenda waje Kiuyu, mama atawapangia za mwaka mzima.